Kipimo cha kamera hakiijui Machakos

Mwaka wa 1937, R.O. Barnes aliiandikia Idara ya Kilimo ya serikali ya kikoloni ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Ukambani, na katika kazi hiyo akapiga picha za vilima vya Machakos. Ukizitazama leo unashtuka: miteremko mitupu, makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, miti ya kuhesabu kwa vidole. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walizichukua picha zile, wakatafuta mahali alipokuwa amesimama Barnes, wakaelekeza kamera upande uleule na kupiga upya. Vilima ni vilevile, lakini sasa vina matuta, miti, mashamba na nyumba. Picha hizo pacha zimo katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka wa 1994, ambacho hoja yake iliwashangaza wengi. Watu wa wilaya ya Machakos walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mapema miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka wa 1989, na bado ardhi ilikuwa katika hali nzuri kuliko wakati watu walipokuwa wachache.

Kitabu kile kimejaa takwimu za mvua, mavuno na bei za mazao, lakini picha ndizo zinazomsimamisha msomaji. Na kwa Mkamba wa enzi ya Barnes, jinsi ardhi yake ilivyoonekana machoni pa serikali lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mwaka wa 1938 serikali, ikiamini kwamba wingi wa ng'ombe ndio unaoimaliza ardhi, ilianza kuwanyang'anya watu mifugo kwa nguvu na kuiuza, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa karibu tu, Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Serikali ikarudi nyuma katika suala la mifugo, ila Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Ninaanza na habari hii kwa sababu picha kama zile zinaweza kupigwa tena hapa: kamera za filamu zimeanza kutoka kabatini. Ninawaona vijana wa mji huu wa Machakos wakining'iniza begani Pentax K1000, Canon AE-1, Nikon FM2 au Zenit iliyokuwa ya baba au ya mjomba. Ninafurahi kuwaona. Kinachonisikitisha ni kuona filamu ya gharama ikirudi kutoka kuoshwa ikiwa na nyuso zisizo na macho, anga nyeupe pe na vilima visivyo na umbo, kisha lawama zote zinaiendea kamera kuukuu. Kamera haina kosa. Ilifanya ilivyoambiwa na kipimo chake cha mwanga, na kipimo hicho hakiijui Machakos: hakijui jua la hapa, udongo wa hapa, wala ngozi zetu. Anayejua ni mtu aliyeishika, na yeye ndiye anayepaswa kuamua.

Tuchukue K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka wa 1976 hadi 1997, kwa sababu haifichi kitu. Mwendo wa shata unauchagua juu, kwa kidude cha kuzungusha chenye namba kuanzia sekunde moja hadi 1/1000. Tundu la lenzi unalifungua au kulifunga kwa pete iliyo kwenye lenzi yenyewe: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila namba kubwa inayofuata inapunguza mwanga kwa nusu, na kila mwendo wa kasi zaidi unaofuata nao unaupunguza kwa nusu. Badiliko moja la namna hiyo huitwa hatua. Kwa hiyo 1/125 kwa f/16 na 1/250 kwa f/11 huingiza mwanga uleule. Ukichungulia, upande wa kulia unaona sindano ndogo inayopanda na kushuka. Ikisimama katikati, kamera imeridhika. Kipimo hicho hakina swichi ya kuzima, kinalala tu pale lenzi inapofunikwa. Ukiiacha kamera wazi mezani, kesho unakuta betri imekufa. Hata hivyo shata itaendelea kufanya kazi, maana betri ni ya kipimo peke yake. AE-1 si hivyo: betri ikiisha, kamera nzima imelala.

Sindano ile imefundishwa jambo moja tu. Inadhani chochote kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu ya wastani, inayorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Ielekeze kwenye ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, nayo itakushauri ufunge lenzi mpaka ukuta uwe kijivu. Ielekeze kwenye gunia la makaa, itakushauri ufungue mpaka makaa yawe kijivu. Ukisimama kwenye vilima vya Iveti na kuelekeza lenzi bondeni huku nusu ya picha ikiwa anga, itaipima anga na kuizamisha ardhi gizani. Dawa ni kuinamisha kamera mpaka anga itoke kabisa, kupima udongo na majani yaliyo kwenye jua lilelile, kuacha namba zilivyo, kisha kuinua kamera na kupiga. Sindano italalamika ikiona anga. Iache ilalamike.

Hata bila kipimo mtu wa hapa anaweza kufanya kazi. Kanuni ya zamani inasema jua likiwa wazi, tumia f/16 na mwendo unaokaribia namba ya filamu yako: filamu ya ASA 100, 1/125, filamu ya ASA 400, 1/500. Mchana mkavu wa Januari au Februari kanuni hii haikuangushi. Lakini Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi na mawingu mazito ya asubuhi, na hapo fungua lenzi hadi f/8, au f/5.6 kukiwa kumefungwa kabisa. Ukikosea na filamu ya negativu, kosea kwa kuzidisha mwanga. Filamu ya rangi ya negativu huvumilia hatua moja au mbili za ziada bila kuharibika, ila ukiinyima mwanga, vivuli havina kitu ndani na hakuna fundi atakayekuvulia kisichokuwamo.

Jua letu lina tabia zake, na hapa ndipo vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya vinapotuacha njiani. Machakos iko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linasimama juu ya utosi hasa, na kivuli cha mtu kinajikusanya miguuni. Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini. Kwa anayetaka kurudia picha ya kilima iliyopigwa zamani, jambo hili ni zito. Mteremko mkali unaotazama kusini utawaka Desemba na kufifia Juni, saa ni ileile. Mtu akilinganisha picha ya Juni na ya Desemba anaweza kudhani kilima kimebadilika, kumbe ni vivuli vilivyohama.

Kisha kuna mvua. Mlima uleule ni wa kijani mwezi wa Mei na Desemba, na wa kahawia mwezi wa Septemba kabla ya mvua za vuli. Anayetaka kuthibitisha kwamba ardhi imeharibika atapata ushahidi wake Septemba, na anayetaka kuthibitisha imepona atasubiri mvua. Kwa hiyo picha za kulinganisha hazina uzito bila mwezi, saa na mahali. Hata zikiwa na hayo yote, zina mipaka. Baadhi ya wasomi waliukosoa utafiti ule wa 1994 wakiuliza ni nani aliyenufaika na matuta yale na ni nani aliyebaki bila shamba, na swali hilo kilima hakiwezi kulijibu mbele ya lenzi. Mimi naona picha zile zinabaki na thamani kubwa, mradi tusizitwike mzigo usio wao.

Matuta yenyewe yanataka jua la pembeni. Fanya juu, ambapo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, huacha ukingo ambao jua la saa moja na nusu asubuhi au la saa kumi na moja jioni huuchora kwa kivuli kirefu. Saa sita mchana ukingo huohuo humezwa na mwanga, kilima kikawa bapa. Kwa filamu nyeusi na nyeupe kuna filta pia. Ya njano hutia anga giza kidogo na kupunguza ukungu wa mbali, kwa gharama ya hatua moja ya mwanga. Nyekundu hufanya zaidi: udongo wetu mwekundu unang'aa na majani yanakuwa meusi, hivyo kipande kilicholiwa na mmomonyoko kinajitenga wazi na kipande chenye nyasi. Nyekundu inakugharimu karibu hatua tatu, kwa hiyo simamisha kamera juu ya tripodi.

Fokasi ina siri yake kwenye vilima hivi. Kamera nyingi za aina hii zina duara katikati ya kioo lililokatwa nusu mbili: kitu kisipokuwa kwenye fokasi, nusu ya juu na ya chini hazikutani, nawe unazungusha lenzi mpaka zikutane. Duara hilo linahitaji mstari uliosimama, kama mlingoti, shina la mti au pembe ya nyumba. Matuta ni mistari ya kulala, na unaweza kuzungusha lenzi hadi mkono uchoke bila kuona tofauti yoyote. Geuza kamera wima, pata fokasi, kisha irudishe ilivyokuwa. K1000 ya kawaida haina mkato huo, ina chembechembe zinazometameta kitu kikiwa nje ya fokasi na kutulia kikiingia, na hizo hazijali mstari umelala au umesimama.

Kwa picha pana ya bonde, usifokasi kwenye upeo wa macho. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye f/16, iweke kwenye mita tano, na kila kitu kuanzia mita mbili na nusu hivi hadi mwisho wa macho kitaonekana vizuri. Kwa njia hiyo jiwe lililo mbele yako na kilima kilicho ng'ambo vinaingia pamoja, na yeyote atakayekuja kurudia picha yako atapata jiwe la kumwonyesha uliposimama. Kwenye lenzi za zamani kuna mistari midogo yenye namba za tundu karibu na pete ya fokasi. Kazi yake ni kukuonyesha masafa hayo, ingawa wengi hawajawahi kuitazama.

Sasa tuje kwa watu, maana hapo ndipo kipimo kinapokosea kwa namna inayouma. Viwanda vya filamu vilirekebisha rangi zao kwa macho ya wateja wao weupe. Kwa miongo kadhaa maabara zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, aliyeichunguza historia hiyo, anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika na kusikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Bibi zetu walikuwa wakipotelea kwenye picha za harusi muda wote huo. Filamu za leo ni bora zaidi, ila kipimo kilicho ndani ya kamera ya mwaka wa 1976 ni kilekile.

Nilimpiga picha mama mmoja mzee nje ya mji, ameketi mlangoni pake mchana, ukuta mweupe nyuma yake ukiwaka jua, uso wake ukiwa kwenye kivuli cha mabati. Kipimo kiliutazama ukuta na kutaka f/16 kwa 1/125. Uso wake ulihitaji f/5.6. Hatua tatu! Ukiufuata ukuta, yeye anakuwa kivuli cheusi chenye kitambaa kichwani. Ukimfuata yeye, ukuta unaungua.

"Susu, naomba nisogeze kiti chako hapa ndani ya kivuli."

"Sogeza, mjukuu wangu, lakini usinitoe mlangoni pangu."

Tulisogeza kiti mpaka nyuma yake pakawa na mlango wa mbao na sehemu ya ukuta iliyokuwa kivulini pia. Kisha nikapima kiganja changu mwenyewe, nikikiweka kwenye mwanga uleule ulioangukia uso wake. Kiganja cha mtu yeyote, mweusi au mweupe, hung'aa takriban hatua moja kuliko kijivu cha kipimo. Sindano ikasema f/8, nikafungua hadi f/5.6. Kwenye picha ile unaona mikunjo ya paji la uso, mboni za macho, na ngozi ni ngozi yake. Ukiukaribia uso mweusi mpaka ukajaza kioo chote na kuupima wenyewe, mambo hugeuka: sindano itataka kuufanya kijivu, nawe itabidi ufunge hatua moja ili uso ubaki na weusi wake.

Flashi ndiyo iliyowasumbua wapiga picha wa harusi kuliko kitu kingine chochote. Shata ya K1000, na ya AE-1 pia, ni pazia mbili za kitambaa zinazopita mbele ya filamu. Kwa 1/60, ya kwanza humaliza kufunguka kabla ya pili kuanza kufunga, filamu yote inabaki wazi kwa kitambo kidogo, na hapo flashi inawaka. Kwa 1/125 pazia ya pili imeshaanza safari, na mwako wa flashi, ambao ni mfupi mno, unakuta sehemu ya filamu imeshafunikwa. Unapata bwana harusi na upande mweusi ambapo bibi harusi alipaswa kuwapo. Kwa hiyo unapovalisha flashi, kitu cha kwanza ni kurudisha mwendo kwenye 1/60, ambayo kwenye kamera nyingi ina alama ya X au rangi tofauti. FM2 ya kwanza, ya mwaka wa 1982, ilifika 1/200, na kwa anayepiga picha chini ya jua letu tofauti hiyo ina thamani kuliko lenzi ya bei.

Hesabu yake ni hii. Kila flashi ina namba ya nguvu. Ikiwa ni 28 kwa mita na filamu ya ASA 100, gawanya 28 kwa umbali, utapata tundu la lenzi: mita tatu na nusu, f/8, mita saba, f/4. Umbali ukiongezeka maradufu mwanga unabaki robo, wala si nusu kama wengi wanavyodhani. Sasa chukua harusi ya saa saba mchana, jua juu ya utosi, macho ya maharusi yamezama kwenye mashimo ya kivuli. Unataka flashi ijaze vivuli hivyo. Kwa 1/60 na ASA 100, jua linakulazimisha f/22, na kwa f/22 flashi yako inafika mita moja na robo tu. Hakuna harusi inayopigwa kwa mita moja na robo. Wapeleke chini ya mwembe. Kivulini utapata f/8 kwa 1/60, nawe ukisimama mita tano flashi itatoa hatua moja pungufu ya mwanga wa kivuli, kiasi kinachotosha kurudisha nuru machoni bila mtu kugundua kwamba flashi iliwaka.

Flashi zenye jicho la kujipimia nazo zina ugonjwa uleule wa kipimo. Jicho linaona gauni jeupe la bibi harusi, linakata mwako mapema, gauni linatoka kijivu na uso wake unazama. Fungua lenzi hatua moja zaidi ya inavyokuambia. Ndani ya nyumba tazama kuta kabla ya kutazama watu: rangi ya mafuta inayong'aa itairudisha flashi moja kwa moja kwenye lenzi ukisimama mkabala nayo, basi simama kwa pembe. Ukielekeza flashi juu ili mwanga ushuke taratibu, hakikisha kuna dari nyeupe. Chini ya mabati matupu njia hiyo haifai, na dari ya kijani itawapa wageni wote nyuso za kijani.

Na picha ya ukoo, ile ya mwisho kabla watu hawajatawanyika, wazee wameketi mbele na vijana wamesimama safu mbili nyuma. Ukiwa mita mbili kutoka safu ya mbele na safu ya nyuma iko mita nne, wazee watapata mwanga mara nne ya vijana, hivyo waliokaa mbele wataungua na wa nyuma watakuwa gizani. Rudi nyuma. Mbele iwe mita tano na nyuma mita saba, tofauti inashuka hadi mara mbili, ambayo filamu ya negativu inaimudu. Tia filamu ya ASA 400, ambayo huifanya namba ya flashi yako kuwa 56, weka f/8 kwa ajili ya safu ya nyuma, fokasi kwenye mita tano na nusu, na safu zote zitakuwa wazi. Kabla ya kuwaita watu, vuta filamu na uangalie kitufe cha kurudishia filamu upande wa kushoto: kikizunguka, filamu imeshika. Kisipozunguka, filamu imeteleza kwenye meno yake na unapiga hewa.

Picha zikioshwa, dai negativu zako na uzihifadhi mahali pakavu. Andika kwenye bahasha mahali, mwezi, saa, lenzi na namba ulizotumia, na kama ni picha ya ardhi, andika pia ulisimama wapi, kwa jiwe, mti au kona ya barabara itakayotambulikana. Kalamu ya risasi haififii.